Picha za Kanisani: Uso wa Kristo na Uso wa Yuda

Mtu atokaye Kitale kwa njia ya Endebess kwenda Suam husafiri yapata kilomita 45, na katika safari hiyo hupita makanisa mengi. Mengine yamejengwa kwa mawe na mengine kwa matofali, lakini mengi ni ya mabati na udongo, yamesimama katikati ya mashamba ya mahindi na viazi, na Mlima Elgon uko nyuma yake. Akiingia katika kanisa moja ataona juu ya madhabahu picha ya Bwana Yesu iliyopigwa chapa Ulaya, nywele ndefu za rangi ya hudhurungi na macho ya buluu. Na ukutani, pande zote, ataona picha 14 za Njia ya Msalaba. Akiingia katika kanisa la pili, labda hatua 200 tu kutoka lile la kwanza, hataona kitu ila mabenchi, meza, na ukuta mtupu uliopakwa chokaa.

Watu wa Suam wamekwisha kuzoea tofauti hiyo, wala hakuna anayeshangaa. Hata hivyo, nyuma ya kuta hizo mbili yako mashindano ya zaidi ya miaka 1,200, na yako maswali mawili ambayo hayajaacha kuulizwa. La kwanza huulizwa na watoto: Je, Yesu alikuwa Mzungu? La pili huulizwa na wazee: Je, picha hizi si zile sanamu zilizokatazwa katika Amri Kumi? Anayetaka kuyajibu yampasa kwanza kujua picha za Kikristo zilitoka wapi, na zilichorwa kwa kusudi gani.

SI JAMBO DOGO

Swali la watoto lisidharauliwe. Misioni zilileta katika nchi hii Injili, shule na dawa. Zilileta pia picha, na picha hufundisha hata pale mwalimu anaponyamaza. Mtoto aliyeona tangu utoto wake kwamba Kristo ni mweupe, na malaika ni weupe, na aliye mweusi ni Shetani peke yake, hakuhitaji kuambiwa neno jingine.

Wenyeji wa Bungoma na Trans Nzoia wanajua jambo la namna hii laweza kufika wapi. Elijah Masinde wa Kimilili, ambaye kwanza alikuwa mfuasi wa Kanisa la Marafiki, waitwao pia Quaker, aliwaambia watu waiache dini ya wageni na kuzirudia ibada za wazee wao. Dini ya Msambwa aliyoiongoza ilipigwa marufuku na serikali ya kikoloni mwaka wa 1948. Si haki kusema kwamba picha ndizo zilizoizaa. Mambo ya ardhi na amri ngumu za wakati ule yalikuwa na nguvu zaidi. Lakini neno lile, kwamba Mungu wa kanisani ni mgeni, liliwaingia watu moyoni kwa sababu macho yao yalikuwa yamekwisha kuuona ugeni huo ukutani.

Tena isidhaniwe kwamba watu wa pande hizi hawakujua kuchora mpaka Wazungu walipokuja. Huko Kakapel, katika vilima vya Chelelemuk si mbali na Bungoma, uko mwamba wenye michoro ya kale sana: mviringo na mistari ya rangi nyekundu, na juu yake ng'ombe waliochorwa na watu wa zamani za baadaye. Mahali hapo palitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka wa 2004. Mlimani Elgon nako, upande wa Kenya, wamo ng'ombe wekundu na weupe waliochorwa kwenye mwamba. Basi mikono iliyojua kuchora ilikuwako. Ambalo halikuwako bado ni habari ya Bethlehemu.

ILIKOANZIA

Wakristo wa kwanza hawakuwa na makanisa makubwa wala mali, na mara nyingi waliwindwa na wakuu wa dola ya Roma. Picha zao za kale zinazojulikana sana zimo katika katakombi, yaani mahandaki ya kuzikia wafu yaliyochimbwa chini ya ardhi nje ya mji wa Roma. Nyingi katika zile za kwanza zilichorwa katika karne ya tatu. Hazikuwa picha za fahari. Walichora nanga, ishara ya tumaini, walichora mikate, walichora samaki. Samaki alikuwa na siri yake, kwa maana herufi tano za jina lake katika Kiyunani ni mwanzo wa maneno yasemayo Yesu, Kristo, wa Mungu, Mwana, Mwokozi.

Lakini picha waliyoipenda sana ni ya Mchungaji Mwema. Humo Kristo ni kijana asiye na ndevu, amevaa kanzu fupi ya mchungaji wa Kirumi, na amembeba kondoo mabegani, miguu yake ikiwa imeshikwa kifuani. Mchungaji wa Kisabaot au wa Kipokot angemtambua mara moja, kwa kuwa ndivyo abebwavyo mnyama aliyechoka au aliyevunjika mguu. Jambo la kuangaliwa ni hili: Yesu alikuwa Myahudi wa Nazareti, lakini Warumi walimchora kama kijana wa kwao. Hawakufanya hivyo kwa ujinga. Walitaka kusema kwamba huyu aliyezaliwa mbali amekuja kuwatafuta wao pia.

Mwaka wa 313 Wakristo walipewa uhuru wa kuabudu chini ya Kaisari Konstantino. Makanisa makubwa yakajengwa, na kuta zake zikajazwa picha. Hapo mashindano yakaanza.

MASHINDANO YA PICHA

Karibu na mwaka wa 600 askofu mmoja wa Marseille, jina lake Serenus, alizivunja picha za makanisa yake kwa kuogopa kwamba watu wanaziabudu. Papa Gregorio Mkuu alimwandikia barua. Alimsifu kwa kukataza ibada ya picha, lakini alimlaumu kwa kuzivunja. Kwa maana, alisema, asiyejua kusoma kitabu husoma ukutani yale ambayo msomi huyasoma katika maandiko. Sababu hiyo moja, kwamba picha ni kitabu cha asiyesoma, ndiyo iliyozilinda picha katika nchi za magharibi kwa muda wa miaka mingi.

Upande wa mashariki mambo yalikuwa makali zaidi. Katika karne ya nane makaisari wa Konstantinopoli waliamuru picha takatifu ziondolewe na kuharibiwa, na waliozitetea waliteswa. Mtetezi wao mkubwa alikuwa Yohana wa Dameski, mtawa aliyeishi katika nchi iliyotawaliwa na Waislamu, ambako mkono wa Kaisari haukumfikia. Hoja yake ilikuwa hii: Mungu haonekani, wala hawezi kuchorwa, lakini ikiwa ni kweli kwamba alitwaa mwili, basi mwili ule ulionekana, na kilichoonekana chaweza kuchorwa. Tena heshima si ibada. Mtu anayeitunza picha ya marehemu baba yake haiabudu karatasi. Mtaguso wa Nikea wa mwaka wa 787 uliikubali hoja hiyo, na baada ya fitina nyingine picha zilirudishwa kabisa mwaka wa 843.

Katika karne ya 16 ugomvi ulifufuka Ulaya. Wafuasi wa matengenezo ya Kanisa waliona kwamba watu maskini wanainama mbele ya sanamu na kusahau Neno. Katika mji wa Zürich picha ziliondolewa makanisani mwaka wa 1524, na kuta zikapakwa chokaa. Martin Luther hakukubali fujo ya kuvunja. Aliona picha zafaa kwa mafundisho. Karne moja baadaye, huko Uingereza, George Fox na Marafiki zake waliacha hata madhabahu na mapambo yote, wakakaa kimya katika nyumba tupu wakimngojea Roho. Marafiki walifika Kaimosi mwaka wa 1902, na imani yao ikaenea mpaka Lugulu na Kimilili. Nao Mapadre wa Mill Hill walileta sanamu zao na Njia ya Msalaba. Hivyo ndivyo ukuta wenye picha na ukuta mtupu zilivyofika kuwa majirani katika nchi moja.

Mzee anayeuliza habari za Amri Kumi anayo haki ya kuuliza, na Biblia yenyewe humjibu kwa pande mbili. Kitabu kile kile cha Kutoka kinachokataza sanamu chasimulia habari za Bezaleli, fundi aliyejazwa hekima ili afanye kazi ya dhahabu, shaba na mbao kwa ajili ya hema ya Mungu. Na yule nyoka wa shaba ambaye Musa aliamriwa kumfanya ili watu wapone, baada ya miaka mingi alivunjwa na mfalme Hezekia, kwa sababu watu walianza kumfukizia uvumba. Chombo kilikuwa kile kile. Mioyo ya watu ndiyo iliyogeuka. Basi asiyependa picha asimwite mwenzake mwabudu sanamu, na mwenye picha asidhani kwamba ukuta mtupu hauna mafundisho. Kimya nacho hufundisha.

KILA TAIFA NA NGUO ZAKE

Sasa turudi kwenye swali la watoto. Mwaka wa 1566 Pieter Bruegel, mchoraji wa nchi ya Flanders, alichora Yusufu na Mariamu wakifika Bethlehemu kuhesabiwa. Bethlehemu yake ni kijiji cha Flanders wakati wa baridi. Theluji imefunika mapaa, watoto wanateleza juu ya barafu, na mbele ya nyumba ya wageni watu wanachinja nguruwe. Nguruwe, katika mji wa Wayahudi! Bruegel hakuwa mjinga wa Maandiko. Alitaka watu wa kijiji chake waone kwamba Mwokozi angeweza kupita mlangoni pao jioni ile wasimtambue. Hali kadhalika Leonardo da Vinci, alipochora Karamu ya Mwisho huko Milano katika miaka ya 1490, aliwaketisha mitume kwenye meza ndefu yenye kitambaa cheupe, kama ilivyokuwa desturi ya Italia.

Kwa hiyo yule Yesu mwenye macho ya buluu si kosa kwa asili yake. Ni Kristo wa Wazungu, waliyemchora kwa ajili yao wenyewe, kama Warumi walivyomchora Mchungaji wao. Kosa liliingia picha hiyo ilipovushwa bahari ikatundikwa Afrika kana kwamba ndiyo sura yenyewe, kana kwamba imepigwa kwa kamera.

Tena Waafrika waliochora habari za Kristo si watu wa jana. Katika Ethiopia, karibu na Adwa, watawa wa Abba Garima wanazo Injili zilizopambwa kwa picha, ambazo uchunguzi wa ngozi zake umeonyesha kuwa ni za kati ya karne ya nne na ya saba. Huko Lalibela yako makanisa 11 yaliyochongwa katika mwamba mzima. Katika Nubia, penye mpaka wa Misri na Sudan, wataalamu wa Poland walichimba mchanga wa Faras kati ya mwaka wa 1961 na 1964, kabla maji ya bwawa la Aswan hayajafunika nchi. Wakakuta kanisa kuu lenye picha zaidi ya 120. Katika mojawapo Mtume Petro amesimama nyuma ya Petros, askofu wa karne ya kumi, amemwekea mikono mabegani. Mtume ana uso mweupe, na askofu ana uso mweusi wa mtu wa Nubia. Huko Kongo nako, ambako mfalme alibatizwa mwaka wa 1491, mafundi wa shaba walitengeneza misalaba ambayo Kristo wake ana sura ya Kiafrika. Picha hizo za Faras sasa zimehifadhiwa Warsaw na Khartoum, na msomaji akikumbuka kwamba zilikuwa zimekwisha kuchorwa zamani Leonardo hajazaliwa, hataona tena kwamba picha za Kikristo ni mali ya Ulaya peke yake.

AFRIKA YA MASHARIKI

Katika pwani yetu, kazi moja ya ukumbusho inastahili kutajwa. Kanisa Kuu la Kianglikana la Unguja lilijengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka wa 1873. Ndani yake umo msalaba wa mti uliotoka Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo, mahali ulipozikwa moyo wa David Livingstone. Ni msalaba usio na mapambo, lakini hapana aujuaye mti ule na kiwanja kile apitaye pasipo kusimama.

Bara, kazi ya kuchora kwa utaratibu wa shule ilianzia Kampala. Bibi Margaret Trowell, mke wa daktari, alianza kufundisha wanafunzi wachache mwaka wa 1937, na kazi yake ikawa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo baadaye ilipewa jina lake. Aliwahimiza wanafunzi wake wachore mambo wanayoyajua: soko, shamba, mavuno, na habari za Biblia kama zilivyoonekana moyoni mwao wenyewe. Mmoja wa wanafunzi wake wa kwanza alikuwa Gregory Maloba, Mluhya aliyezaliwa magharibi ya Kenya mwaka wa 1922, ambaye alikuwa mwalimu katika shule hiyo, na ndiye aliyetengeneza sanamu kubwa ya Uhuru iliyosimamishwa Kampala mwaka wa 1962. Mwingine alikuwa Elimo Njau, Mchaga wa Marangu, aliyezaliwa mwaka wa 1932. Kazi yake ya Murang'a inahitaji kuelezwa kwa urefu.

UKUTA WA MURANG'A

Murang'a, ambayo wakati ule iliitwa Fort Hall, iko katikati ya nchi ya Wakikuyu. Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka wa 1952, watu wa kabila moja, kijiji kimoja, hata nyumba moja, waligawanyika. Wako waliokula kiapo na waliokataa; wako waliokwenda msituni na waliojiunga na walinzi wa serikali; maelfu walitiwa katika kambi, na maelfu walikufa. Miongoni mwa waliouawa walikuwako Wakristo waliokataa kiapo kwa sababu ya imani yao. Kwa ukumbusho wao lilijengwa Kanisa la Mtakatifu Yakobo, na jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka wa 1955 na Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher.

Kanisa la ukumbusho lingeweza kupambwa kwa majina ya wafu tu, au kwa picha zilizonunuliwa ng'ambo. Badala yake kazi alipewa Njau, kijana ambaye hakuwa amefika umri wa miaka 30. Katika miaka ya mwisho ya 1950 alichora humo picha tano kubwa: Kuzaliwa kwa Yesu, Ubatizo, Karamu ya Mwisho, sala ya Gethsemane, na Kusulubiwa. Watu wote waliomo ni Waafrika. Nchi iliyochorwa ni ya milima na mabonde na miti ya Murang'a yenyewe, ile ambayo mwenye kusali huiona tena akitoka mlangoni.

Si vigumu kufahamu jinsi kazi hiyo ilivyokuwa nzito. Waliokaa katika mabenchi yale walikuwa wajane wa upande mmoja na jamaa za upande wa pili. Kila mtu alijua ni nani aliyemsaliti nani. Mbele ya watu kama hao, Karamu ya Mwisho haikuwa habari ya zamani. Ni nyumba ambamo watu 13 wanakula pamoja, na mmoja wao amekwisha kupokea fedha. Gethsemane haikuwa bustani ya mbali. Ni usiku ambao watu waliujua, usiku wa kusikia miguu ya watu njiani. Njau alipovileta vitu hivyo katika nchi ya Murang'a, hakudai kwamba Yesu alizaliwa Murang'a. Alionyesha kwamba mateso yaliyotokea huko hayakuwa nje ya mateso ya Kristo. Hilo ndilo jibu la swali la mtoto. Yesu alikuwa Myahudi wa Palestina, na hivyo ndivyo historia isemavyo. Lakini mchoraji anapomchora kuwa mtu wa hapa hasemi alizaliwa wapi, bali asema alikuja kwa ajili ya nani.

Lakini si wote wanaolipokea jambo hilo kwa urahisi. Hata leo wako Wakristo wanaoona kwamba kumchora Kristo Mwafrika ni kuigeuza historia, na wengine wamezoea sana ile picha iliyopigwa chapa hata nyingine yoyote huwaonekania kama dhihaka. Nao wasikilizwe, maana mazoea ya sala si kitu cha kukanyagwa. Ila wakumbushwe kwamba hata ile waliyoizoea iliigeuza historia kwanza.

USO WA YUDA

Hapa pana onyo ambalo mara nyingi husahauliwa. Ikiwa Kristo huvaa sura ya wale wanaomchora, Yuda naye huvaa sura ya nani? Katika Ulaya ya zamani wachoraji wengi walimpa Kristo na mitume sura za kwao, lakini Yuda na wale waliomdhihaki Bwana waliwapa pua na nguo za kuwacheka Wayahudi, jirani zao. Watu wakatazama picha hizo kila Jumapili, baba na mwana na mjukuu, na chuki ikalelewa kanisani penyewe. Yesu na mama yake na mitume wote walikuwa Wayahudi, lakini ukuta ulimfundisha mtu kumtambua Myahudi kwa uso wa Yuda peke yake. Matunda ya chuki hiyo dunia nzima iliyaona.

Watu wa Mlima Elgon wana sababu ya kulifikiri jambo hili. Katika nchi hii wanaishi Wabukusu, Wasabaot, Wapokot, Waturkana, Wakikuyu na wengineo. Mwaka wa 1991 na 1992 damu ilimwagika kwa ajili ya makabila na mashamba. Tena kati ya mwaka wa 2006 na 2008, katika machafuko ya Mlima Elgon, mamia ya watu waliuawa, wengine kwa mikono ya wapiganaji na wengine mikononi mwa askari, na maelfu walikimbia makwao. Siku moja kanisa fulani la mlimani litataka kuwakumbuka wafu wake kwa picha, kama walivyofanya watu wa Murang'a. Hapo mchoraji atakuwa na nguvu kubwa mkononi. Akimpa Kristo nguo za kabila lake, na wale wenye kumpiga mijeledi akawapa alama za kabila la jirani, atakuwa amechora mkuki ukutani, nao utachoma vizazi vitatu.

Njia ya Murang'a ni nyingine. Mchoraji wake hakuwa Mkikuyu. Alikuwa mgeni kutoka Kilimanjaro aliyeingia katika huzuni ya wenyeji wake na kuwatumikia. Na katika picha zake msaliti na msalitiwa ni watu wa nchi moja. Hakuna anayeweza kutazama Karamu ile akasema kwamba Yuda ni mtu wa ng'ambo ya mto.

YAWEZEKANAYO SUAM

Kila mwaka, tarehe 3 Juni ikikaribia, mahujaji kutoka magharibi ya Kenya huvuka mpaka kwa miguu kwenda Namugongo, kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda waliouawa kati ya mwaka wa 1885 na 1887. Kanisa wanalolikuta huko lina umbo la nyumba ya mviringo ya Kiafrika, na limezungukwa na nguzo 22, kwa hesabu ya mashahidi Wakatoliki waliotangazwa watakatifu mwaka wa 1964. Wanaporudi nyumbani hawasemi kwamba wamesali katika nyumba ya wageni.

Makanisa ya Suam hayana fedha za Namugongo, wala hayazihitaji. Akina mama wa pande hizi wamejua tangu zamani kupaka nyumba kwa udongo wa rangi mbalimbali, na wengine hupamba vibuyu vya maziwa kwa shanga kwa ustadi mkubwa. Udongo wa kufinyanga uko, mbao ziko, na katika kila shule yuko mtoto mmoja au wawili wanaochora pembeni mwa daftari wakati mwalimu anapoeleza hesabu. Mara nyingi mtoto huyo huadhibiwa. Ingekuwa faida zaidi kama mwalimu, baada ya kumwonya kwa ajili ya hesabu, angempa karatasi na kumwambia achore Mchungaji Mwema, na asimpe picha ya kunakili. Elimo Njau, ambaye mwaka wa 1965 alianzisha Nairobi nyumba ya sanaa iitwayo Paa ya Paa, aliwafundisha vijana maisha yake yote kwamba kunakili kazi ya mwingine ni kukiua kipawa.

Wazee wa kanisa nao wana kazi yao. Kabla ya kupachika picha mpya, na waitazame pamoja na washirika, na waulize mambo matatu. Je, yasimulia habari kweli, au inapamba tu? Je, mtoto wetu atajiona kuwa ameitwa? Na je, jirani yetu wa kabila jingine akiingia Jumapili, atatoka akiwa na amani? Picha ikiyashinda maswali hayo matatu, haidhuru kama ilichorwa kwa rangi ya duka au kwa udongo wa mtoni. Na wale wenye ukuta mtupu wataendelea kuutunza ukuta wao, nao wataheshimiwa.

Mto Suam hutoka juu kileleni mwa Mlima Elgon, hupita mpakani mwa Kenya na Uganda, na mbele huitwa Turkwel, mpaka unapoingia katika Ziwa Turkana. Maji ni yale yale. Jina hubadilika kwa kadiri ya watu wanaoyanywa. Habari ya Bethlehemu nayo imepita Roma, Nubia, Ethiopia, Flanders na Murang'a, na kila mahali imechorwa kwa sura ya wanywaji wake. Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Imebaki kwa watu wa Suam kuamua ni sura gani watakayoiweka ukutani, na kwa uangalifu ule ule, ni sura gani hawatamvika Yuda.